Homa ya Mtoto na Vijidudu Sugu

Mtoto mdogo akipata homa, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua ampisilini au septrini. Lakini huenda homa hiyo imetokana na vijidudu katika njia ya mkojo. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba akikojoa anaumia. Yeye hulialia, hutapika na kukataa kunyonya.

Vijidudu hivyo, hasa viitwavyo E. koli, hutoka utumboni. Tukimpa mtoto dawa isiyohitajika, au dozi isiyotosha, vilivyo dhaifu hufa, na vilivyo sugu hubaki na kuzaana. Ndiyo maana hapa Tanzania ampisilini na septrini mara nyingi hazivishindi tena. Ugonjwa ukipanda hadi kwenye figo, waweza kuziachia makovu ya kudumu.

Tufanye nini basi? Tumpeleke mtoto zahanati mapema, apimwe malaria na mkojo pia. Inapowezekana, mkojo uoteshwe hospitalini ili ijulikane dawa inayofaa. Tumalize dozi kama tulivyoelekezwa, wala tusimpe dawa iliyobaki ya ndugu yake. Na binti tumfundishe kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma.