Macho, Mgongo na Moyo: Huenda Ni Ugonjwa Mmoja



Wako watoto ambao wazazi wao huchoka kuzunguka hospitalini. Mwaka huu mtoto haoni ubaoni, anapewa miwani. Mwaka unaofuata mgongo unapinda, anapewa dawa ya maumivu. Baadaye moyo unamwenda mbio, anaambiwa apumzike. Kila tatizo linatibiwa peke yake, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mwezi huu tunapenda kueleza kwamba mara chache matatizo hayo yote huwa na mzizi mmoja.

Nyuzi zinazoshikilia mwili

Sisi wa Kabuku tunaujua mkonge. Jani likipita kwenye mashine ya korona, nyama yake huondoka zikabaki singa. Singa hizo ndizo zilizolifanya jani lisimame. Mwili wa binadamu nao una nyuzi zake, ambazo wataalamu huziita tishu unganishi. Zimo kwenye viungo, kwenye ngozi, kwenye uti wa mgongo na kwenye kuta za mishipa ya damu. Nyuzi nyembamba sana hushikilia hata lenzi ya jicho. Zikiwa dhaifu tangu kuzaliwa, udhaifu hujitokeza popote zilipo. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuugua jicho, mgongo na moyo.

Magonjwa ya tishu hizi ni mengi. Mojawapo huitwa Marfan, kwa jina la daktari wa watoto Mfaransa, Antoine Marfan, ambaye mwaka 1896 alieleza habari za msichana wa miaka 5 mwenye vidole virefu na vyembamba. Mwaka 1991 wataalamu waligundua kwamba chanzo ni kasoro katika jeni inayotengeneza protini iitwayo fibrilini. Ugonjwa huu humpata mtu mmoja hivi kati ya 5,000, mwanamume au mwanamke, wa taifa lolote.

Mzazi mwenye Marfan akipata mtoto, uwezekano wa mtoto kuurithi ni nusu kwa nusu. Lakini mgonjwa mmoja hivi kati ya wanne huwa wa kwanza katika ukoo wake. Kwa hiyo mama asilaumiwe kwa alichokula wakati wa mimba, wala jirani asisingiziwe.

Dalili zake

Angalieni haya kwa mtoto au kijana:

– Mikono, miguu na vidole ni virefu kuliko kawaida ya familia. Akinyoosha mikono, upana wake unazidi urefu wake.
– Akizungusha kidole gumba na kidole cha mwisho kwenye kifundo cha mkono wake mwingine, vidole vinapandana vizuri.
– Kifua kimeingia ndani au kimechomoza mbele.
– Mgongo umepinda upande.
– Haoni mbali, na miwani hubadilishwa mara kwa mara, au lenzi ya jicho imehama mahali pake.

Tusitishane. Urefu peke yake si ugonjwa, na hapa Handeni watu warefu wenye afya njema ni wengi. Dalili zikiwa mbili au tatu pamoja, ndipo inafaa kuuliza.

Hatari iliyojificha

Hatari kubwa iko kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Ukuta wake ukiwa dhaifu, mshipa hutanuka polepole kwa miaka bila maumivu, na mwisho unaweza kuchanika ghafla.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Flo Hyman, mchezaji wa mpira wa wavu wa Marekani aliyekuwa na urefu wa sentimeta 196. Alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986 alianguka wakati wa mchezo huko Japani, akafa akiwa na miaka 31. Wengi walidhani ni mshtuko wa moyo wa kawaida. Uchunguzi wa maiti ulionyesha aota iliyochanika kwa sababu ya Marfan. Baada ya hapo kaka yake alipimwa, akakutwa na ugonjwa huo huo, akafanyiwa upasuaji wa moyo. Kwa hiyo mmoja akigundulika, wazazi na ndugu zake wote nao wapimwe.

Namna ya kupata jibu

Daktari wa macho huona macho, na wa mifupa huona mifupa. Ninyi wazazi ndio mnaomwona mtoto mzima. Nunueni daftari moja, andikeni kila tatizo, mwaka wake na dawa aliyopewa. Andikeni pia kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Kila mnapokwenda hospitali, mpeni daktari daftari lote na mumwulize, "Je, haya yote yanaweza kuwa na chanzo kimoja?" Swali hili si utovu wa adabu.

Kipimo kikubwa ni eko, yaani picha ya moyo inayofanana na ultrasaundi ya mama mjamzito. Hakiumizi. Anzeni kituo cha afya, kisha hospitali ya Handeni au Magunga, Korogwe. Ombeni barua ya rufaa kwenda Bombo, KCMC au Muhimbili. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, hupima na kupasua moyo. Kabla ya nauli, ulizieni kama bima yenu inakubaliwa huko.

Kuishi na Marfan

Ugonjwa hauponi, lakini hutunzwa. Dawa kama atenololi au losatani hupunguza nguvu ya damu kwenye aota. Msiziache kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri, maana kazi yake haionekani kwa macho. Eko hurudiwa, mara nyingi kila mwaka, na mshipa ukikaribia upana wa sentimeta 5 upasuaji hufikiriwa. Kijana asinyanyue vitu vizito wala kucheza michezo ya kugongana. Dada mwenye Marfan amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Jihadharini na siprofloksasini, ambayo wengi hununua dukani kwa homa ya matumbo au mkojo mchafu. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuchangia kuchanika kwa aota, na ikawataja wagonjwa wa Marfan. Mwambieni mtoa dawa mapema, atafute nyingine.

Maumivu makali ya ghafla ya kifua, yanayopasua hadi mgongoni, si vidonda vya tumbo. Ni hospitali saa ile ile, usiku au mchana.

Mwaka 1972 ilionekana kwamba wagonjwa wa Marfan walikuwa wakifa kwa wastani wa miaka 32. Leo wanaogundulika mapema na kutunzwa, wengi hufika uzeeni wakaona wajukuu. Basi, mwenye mtoto wa namna hii nyumbani, daftari lianze leo.