Bangi au hempu? Mpaka ni asilimia 0.3

WAKULIMA wa Kentucky na Oregon, nchini Marekani, wanaujua ugumu wa zao ambalo jicho haliwezi kulitambua. Mimea miwili hufanana kwa majani, maua na hata harufu, lakini mmoja ni mazao halali na mwingine ni dawa ya kulevya. Anayeamua ni maabara.

Kisayansi yote miwili ni bangi. Kemikali zake mbili zinazojulikana zaidi ni THC, ambayo hulevya, na CBD, ambayo hailevyi. Sheria ya Kilimo iliyosainiwa Desemba 2018 ilitamka kwamba mmea wenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu ni hempu, na unaweza kulimwa kwa leseni ili kupata nyuzi, mbegu au mafuta ya CBD. Ukizidi hapo, serikali kuu huuhesabu kuwa bangi, hata kama mbegu ilinunuliwa kama hempu.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Kadiri maua yanavyokomaa, CBD huongezeka, lakini THC nayo hupanda. Mkulima akichelewa, anaweza kuvuka mpaka. Kwa sababu hiyo sampuli huchukuliwa ndani ya siku 30 kabla ya mavuno. Mazao yaliyozidi kiwango hayaingii sokoni. Huteketezwa, au husagwa na kupimwa upya.

Kwa mfanyabiashara, ruhusa ya kulima si ruhusa ya kuuza kila kitu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, iliidhinisha Epidiolex, dawa ya kifafa yenye CBD, lakini haikuruhusu CBD kutiwa kwenye vyakula. Novemba 2025 ilipitishwa sheria nyingine, iliyopangwa kuanza baada ya mwaka mmoja, inayotaka chombo cha bidhaa ya hempu kisizidi miligramu 0.4 za THC.

Kwa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kilimo cha bangi. Cheti cha maabara ya Marekani si kibali hapa nchini. Anayeletewa mbegu za "hempu" au chupa za mafuta ya CBD aulize kwanza mamlaka husika, kabla hajatoa fedha yake.