Ndoa ya Babu Imeandikwa Wapi?
Familia za askari huhama kambi hata kambi, na ukoo husahaulika upesi. Tena, kwa desturi ya Kirundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Jina la babu peke yake halitoshi kuwatambua nduguze. Daftari la ndoa la parokia ndilo liunganishalo, kwani kwa kawaida hutaja wazazi wa bwana na bibi arusi. Asiyejua walikofungia ndoa na aanzie parokia waliyobatiziwa, kama vile Mugera, iliyoanzishwa mwaka 1899: Kanisa Katoliki huiandika ndoa kando ya jina la mbatizwa. Basi, ndugu wa Bujumbura, waulizeni wazee leo majina, kilima na parokia. Daftari hungoja, mzee hangoji.