Nafuu ya Pumu Majumbani mwa Songwe

Msafiri atokaye Mbeya kwa barabara kuu iendayo Zambia, akiisha kuuvuka uwanda wa Mbozi wenye mibuni na mashamba ya mahindi, hufikia mwisho wa Tanzania katika mji usio na bahari wala ziwa, walakini wenye shughuli zote za bandari. Huo ndio Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Na ng'ambo ya pili, hatua chache tu, ni Nakonde ya Zambia, ambako Wanyamwanga, wenyeji wa huku, wana mashangazi na wajomba. Malori yaendayo Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni yakingoja zamu ya forodha, na hata baada ya kituo cha pamoja cha mpakani kufunguliwa mwaka 2019, siku za foleni hazijakwisha. Injini huunguruma, moshi wa dizeli hutanda, vumbi la kandokando ya barabara huinuka kila gurudumu lipitapo, na ifikapo Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu hushuka usiku juu ya hayo yote. Mtu mwenye kifua kizima hukohoa kidogo akaendelea na biashara yake. Bali mwenye pumu huujua msimu huo kabla hajaambiwa tarehe.

Pumu ni maradhi ya mirija ya kupitishia pumzi. Kwa mwenye maradhi haya, ngozi ya ndani ya mirija hiyo huwa na uvimbe mdogo wa daima hata siku asipojihisi mgonjwa, na pindi aguswapo na kichokozi, kikiwa moshi, vumbi, mafua, baridi au manyoya ya paka, misuli inayoizunguka mirija hukaza, uvimbe huzidi, na ute mzito huziba nafasi iliyosalia, hata pumzi itokayo ikafanya mluzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu ulimwenguni, na kwamba watu 455,000 walifariki kwayo mwaka huohuo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako si kwamba dawa haipo duniani, bali haikumfikia mgonjwa.

Maadamu maradhi haya hutulizwa tu, wala hayang'olewi moja kwa moja, si ajabu kwamba kila nyumba ina dawa yake, na kila jirani ana jamaa yake aliyepona kwa mzizi fulani. Hamu hiyo ya kupona kabisa ndiyo iliyowapeleka maelfu ya watu, mwaka 2011, hadi kijiji cha Samunge huko Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na pumu ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyosemwa kuondoshwa na kikombe hicho. Magari yalipanga msururu wa kilomita kadha wa kadha, wako waliofia njiani, na punde si punde vikazuka vikombe vingine Mbeya na Tabora. Mimi siwacheki waliokwenda. Aliyekesha usiku mzima akiwa ameshika dirisha akitafuta pumzi hawezi kulaumiwa kwa kufuata tumaini. Lawama yawahusu wale waliowashauri waache dawa zao za hospitali kwa kuwa wamekwisha kunywa.

Dawa za nyumbani, basi, na tuzipime kwa swali moja tu: je, hii yagusa mirija yenyewe, au yamburudisha mgonjwa tu, au yamdhuru? Kuburudishwa si jambo la kudharauliwa, ila kujulikane kuwa ni kuburudishwa.

Nianze na kahawa, kwa kuwa Mbozi ni nchi ya kahawa na kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi wa kweli. Tabibu Mwingereza Henry Hyde Salter, ambaye mwenyewe aliugua pumu, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1860, na humo akaisifu kahawa nyeusi kuwa ni miongoni mwa dawa bora za kutuliza shambulio, kwa sharti inywewe kali sana, bila maziwa wala sukari, na tumboni pasiwe na chakula. Hakujua sababu. Sababu ilidhihirika baadaye: kafeini iliyomo katika kahawa ni ndugu wa teofilini, dawa iliyotolewa kwa mara ya kwanza katika majani ya chai na Mjerumani Albrecht Kossel mwaka 1888, ambayo hulegeza misuli ya mirija ya pumzi; na vidonge vya aminofilini ambavyo wazee wengi wa kwetu wamevimeza miaka nenda miaka rudi ni teofilini hiyohiyo iliyochanganywa na kitu cha kuiyeyusha. Uchunguzi wa siku hizi, uliokusanya majaribio mbalimbali, umethibitisha kwamba kafeini huipanua mirija kwa kiasi kidogo, na kwa muda ufikao saa nne. Na kwa hiyo anayekwenda kupimwa nguvu ya mapafu huambiwa asinywe kahawa kwanza, isije ikamwonyesha kuwa mzima kuliko alivyo.

Katika mwambao, muuza kahawa mwenye mdila wake na vikombe vidogo hupita barazani akimimina kahawa iliyotiwa tangawizi, na wazee hunywa hata magharibi; ilhali Mbozi, ambako buni yenyewe hulimwa, huanikwa na kupelekwa chamani, nyumba nyingi asubuhi hunywa chai. Mkulima huuza dawa yake kwa kilo kisha hununua majani ya chai dukani, ingawa, kwa kusema haki, chai nayo ina kafeini, kwa kadiri ndogo zaidi. Basi mwenye pumu akishikwa na mluzi mwepesi mahali asipo na dawa, vikombe viwili au vitatu vya kahawa kali vyaweza kumpa nafasi ya kuifuata dawa ilipo. Lakini aliyekwisha kumeza aminofilini asiijaze juu yake kahawa nyingi, maana vitu hivyo viwili hufanya kazi moja, na moyo waweza kuanza kwenda mbio.

Nyingine nitazipitia upesi. Tangawizi imeonekana kulegeza misuli ya mirija katika maabara, lakini kwa binadamu ushahidi ni haba. Na inywewe kwa ladha yake na joto lake. Asali hupunguza kikohozi cha mafua kwa watoto waliopita mwaka mmoja, wala haifungui mirija ya pumu, na mtoto aliye chini ya mwaka asipewe kabisa, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu vinavyomletea sumu ya kupooza. Habasoda ina sifa kubwa katika vitabu vya tiba ya Waarabu, na majaribio machache yamekuwa na matokeo ya kutia moyo, lakini haijafikia daraja la kuachiwa kazi peke yake. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi, jambo lililoenea nchini wakati wa korona, huwapa wengine faraja ya pua iliyoziba. Bali harufu kali ya mkaratusi huwachokoza wengine wenye pumu, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limeunguza watoto wengi. Ama mnanaha, ule mmea ambao majani yake yalivutwa kama sigara za pumu, hapa kwetu na hata Ulaya, kweli una kitu cha kupanua mirija, lakini kipimo chake cha dawa na kipimo chake cha sumu vimekaribiana mno. Anayeuvuta aweza kupandwa na wazimu kabla ya kupata pumzi, basi na uachwe porini.

Katika mji wa Kairo, yapata mwaka 1190, tabibu Musa bin Maimun alimwandikia mkuu mmoja aliyeugua pumu risala nzima, na ingawa humo mna mchuzi wa kuku na dawa za namna nyingi, maneno aliyoyatilia mkazo ni hewa avutayo mtu, chakula chake na usingizi wake. Rai yangu ni kwamba tabibu huyo aliona mbali kuliko wauza mizizi wa stendi zetu. Dawa ya nyumbani iliyo kubwa kuliko zote kwa mgonjwa wa Songwe ni kukiondoa kichokozi nyumbani mwake.

Tazama jiko la kijijini wakati wa masika. Kuni ni mbichi, magunzi ya mahindi yamelowa, mlango umefungwa kuzuia baridi, na mama amejiinamia mafiga huku mtoto mwenye kifua amemlalia mgongoni. Moshi uleule unaomtoa machozi mama ndio unaoingia mirijani mwa mtoto. Kulihamishia jiko nje, au kulitobolea paa na kuliwekea dohani, kuzikausha kuni majuma kadhaa kabla ya kuzitumia, na kumweka mtoto mbali wakati wa kuwasha moto, ni mambo yasiyohitaji cheti cha daktari. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa azma ya kuwafikishia nishati hiyo Watanzania asilimia 80 ifikapo mwaka 2034. Hadi hapo, tundu la paa lina manufaa yake. Mkaa nao, ambao wakazi wa Tunduma huuingiza chumbani kwa jiko ili kuota moto usiku, hautoi moshi mwingi machoni lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua wenye pumu na wasio na pumu bila kuchagua.

Kisha kuna mahindi. Katika nyumba nyingi magunia hulala chumba kimoja na watu, nayo yamepakwa unga wa kuzuia dumuzi. Kila gunia litikiswapo, unga huo na makapi hupanda hewani. Magunia na yapate chumba chake, na kazi ya kupukuchua na kupepeta apewe asiye na pumu. Godoro na blanketi ni maskani ya wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho: blanketi lifuliwe kwa maji ya moto, godoro litolewe juani mara kwa mara, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu. Chetezo cha ubani na dawa ya mbu ya kuchoma hutoa moshi kama moshi mwingine wowote, hata kama nia ni njema. Chandarua chatosha kwa mbu. Na mwenye pumu ajihadhari na dawa za maumivu zinazouzwa kiholela, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa huamsha shambulio kali.

Shambulio likija, mgonjwa asilazwe. Aketishwe, ainame kidogo mbele, mikono juu ya magoti au mezani, vifungo vya shingoni vifunguliwe, na watu wasimzunguke. Avute pumzi puani, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye uji wa moto. Mkao huo na pumzi hiyo hupunguza hofu, na hofu yenyewe huzidisha dhiki.

Dawa ya kweli ya saa ile ni salbutamoli ya kuvuta, iliyotolewa sokoni mwaka 1969, ambayo wengi huiita pampu au inhela. Iko imani kwamba anayeanza kuitumia amefika mwisho, au kwamba mwili huizoea hata akaishia humo. Si kweli, kinachoua aghalabu ni kuchelewa kuitumia, au kuitegemea peke yake huku uvimbe wa ndani ukiachwa bila dawa. Tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani wamekuwa wakionya dhidi ya kutumia salbutamoli pekee. Mgonjwa amwulize tabibu dawa ya kuvuta yenye steroidi, kama beklometasoni, ambayo hutumiwa kila siku hata mluzi ukiwa haupo.

Kasoro ya pampu ni kwamba mtoto hawezi kuibonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na sehemu kubwa ya dawa huishia ulimini. Hospitali kubwa hutumia chombo maalumu kikaacho kati ya pampu na mdomo, ambacho huuzwa ghali. Lakini Profesa Heather Zar wa Cape Town na wenzake walionyesha, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi sawa na chombo hicho kwa watoto walioshikwa na pumu. Chukua chupa tupu ya soda, ioshe kwa sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, kwa maana kuifuta huifanya plastiki iivute dawa. Pasha moto waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, utoboe kitako cha chupa, uchomeke pampu hapo, kisha uzibe pembeni kwa gundi ili dawa isivuje. Mtoto aubane mlango wa chupa kwa midomo. Bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena. Watu wazima nao hufaidika vivyo hivyo.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, ambaye nyama za baina ya mbavu zake hudidimia, au midomo yake imegeuka rangi, amekwisha vuka mpaka wa dawa za nyumbani. Na mluzi ukikoma ghafla ilhali kifua bado chahangaika, jamaa wasishukuru, maana huenda hewa haipiti kabisa. Mtu mzima au mtoto mkubwa apewe salbutamoli kwa chupa, mpulizo mmoja mmoja, mara nne hadi kumi, na irudiwe kila dakika 20 katika saa ya kwanza; safari ya hospitali ianze papo hapo, dawa ikiendelea kutolewa njiani, mgonjwa akiwa ameketi wima, wala asilazwe kiti cha nyuma kwa huruma.