Kucheua Usiku wa Manane

Jioni ng'ombe akilala, majani aliyomeza mchana humrudia mdomoni akayatafuna upya. Wanasaikolojia walichota jina hapo: kucheua ni kurudia fikra ileile chungu bila kuimaliza. Ng'ombe angalau hutoa maziwa. Sisi husema tu "ana mawazo", na kila mtu huelewa kwamba si mawazo ya biashara.

Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amewahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford namna wanavyoikabili huzuni. Wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko likaipiga California. Alikwisha kujua nani ni mcheuaji kabla ya janga, bahati ambayo watafiti hawaipati mara mbili. Wiki saba baada ya tetemeko, wacheuaji ndio waliokuwa na sonona zaidi. Mwaka 2007 yeye na Regina Miranda wakaonyesha, kwa watu wazima zaidi ya 1,000, kwamba kucheua kulitabiri pia fikra za kujiua mwaka mmoja mbele.

Wengi hawafiki huko. Lakini "kwa nini mimi tu?" ni swali lisilo na jibu, kila likizunguka huokota ushahidi mpya, leo deni, kesho ndoa. Njia ndogo iliyoonekana mchana hupotea, na mtu hujiona amezingirwa. Akiwaza kufa, mara nyingi anachotamani ni kelele zile zikome.

Nasi humwambia, "Acha mawazo." Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwakataza watu kumfikiria dubu mweupe. Dubu hakuondoka, na waliporuhusiwa walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakukatazwa kwanza.

Edward Watkins wa Chuo Kikuu cha Exeter hufuata njia nyingine: fikra isizimwe, ibadilishiwe swali. "Kwa nini" iwe "vipi": kesho saa mbili nimpigie nani?

Zimbabwe, ambako Washona huita kucheua huku kufungisisa, yaani kuwaza mno, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi huanza na maswali 14, na mojawapo huuliza waziwazi kama mtu amefikiria kujiua. Kuuliza hakupandi fikra hiyo. Wengi huona wametuliwa mzigo. Aliye hatarini hupelekwa kwa wataalamu. Wengine hutaja matatizo yao yote, na bibi huwaambia wachague moja tu la kuanza nalo.