Mikia ya Maneno ya Kiingereza



Ndugu wanafunzi, Kiswahili hutaja mambo yasiyoshikika kwa mkono kwa kutanguliza "u": mvivu ana uvivu, rafiki ana urafiki. Hizi ni nomino dhahania. Kiingereza aghalabu huongeza kipande mwishoni mwa neno, yaani kiambishi tamati. Tukijue vipi kipande kinachofaa? Tutazame kwanza aina ya neno.

1. Kivumishi mara nyingi huchukua -ness. "Kind" (mpole) huwa "kindness". "Lazy" (mvivu) huwa "laziness", y ikigeuka i.

2. Nomino ya mtu huweza kuchukua -hood au -ship. "Brother" hutoa "brotherhood", yaani udugu. "Friend" hutoa "friendship".

3. Kitenzi huweza kuchukua -ment au -tion. "Agree" (kubaliana) hutoa "agreement". "Educate" (elimisha) hutoa "education".

Yapo maneno yenye njia nyingine. Subira ni "patience", uadilifu ni "justice". Mengi ya namna hii yametoka Kilatini kwa kupitia Kifaransa, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, nayo yaliingia na mikia yake. Hayo tuyahifadhi kama yalivyo.

Sasa tuangalie -ism, mkia wa itikadi na baadhi ya dini. Uhindu ni "Hinduism". Kwa kufuata mfano huo, wanafunzi wengine hufasiri Uislamu kuwa "Islamism". Hilo si sahihi, kwani siku hizi neno hilo hutumika kwa mirengo ya kisiasa. Uislamu kwa Kiingereza ni "Islam" tu. Islam ni masdar ya kitenzi cha Kiarabu aslama, yaani amejisalimisha; tayari ni nomino dhahania, haihitaji mkia.

Zamani waandishi wa Ulaya waliita dini yetu "Mohammedanism". Hata H. A. R. Gibb alikiita hivyo kitabu chake cha mwaka 1949. Tazameni mkia ulipobandikwa: kwenye jina la Mtume (S.A.W.), kana kwamba yeye ndiye anayeabudiwa! Sisi tunamwabudu Allah (S.W.) peke yake.

Basi wazazi, wasaidieni watoto kukusanya maneno matatu kila siku pamoja na mikia yake. Anayejua lugha vizuri hulitaja jina la dini yake kwa usahihi mbele ya watu.

Wabillahi tawfiq.