Sura ya 6: Bajeti Inayoandikwa na Sheria ya Adhabu

Januari 2010, gavana wa California, Arnold Schwarzenegger, alilisomea Bunge la jimbo hesabu ya kutisha. Miaka 30 kabla ya hapo, alisema, asilimia 10 ya mfuko mkuu wa jimbo ilikwenda kwenye vyuo vikuu na asilimia 3 magerezani; sasa magereza yalichukua karibu asilimia 11, na vyuo vikuu vilibakiwa na 7.5. Akataka katiba ya jimbo irekebishwe ili vyuo vikuu visipate chini ya asilimia 10 na magereza yasizidi 7. Pendekezo hilo halikupita, na nia yake ilikuwa njema. Lakini hata lingepita, lingegonga mwamba, kwa sababu liliwekwa mahali pasipohusika. Mgawanyo wa fedha kati ya darasa na gereza hauamuliwi siku bajeti inaposomwa. Huwa umeshaamuliwa miaka mingi nyuma, siku sheria ya adhabu ilipopitishwa, na anayetaka fedha zirudi kwenye elimu hana budi kuanzia huko.

Tuangalie fedha zenyewe zinavyokwenda. Hakimu akimfunga mtu miaka 10, jimbo linabeba wajibu wa kumlaza, kumlisha, kumtibu na kumlinda kila siku ya miaka hiyo, iwe ni mwaka wa neema au wa ukata. Hakuna ofisa wa hazina anayeweza kumwambia mfungwa arudi nyumbani kwa kuwa kodi imekusanywa kidogo. Shule za msingi na sekondari za California nazo zina ngao yake: mwaka 1988 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 98, linalozihakikishia fungu ambalo kwa kawaida hukaribia asilimia 40 ya mfuko mkuu. Vyuo vikuu havina ngao ya aina hiyo, na vina wanafunzi wanaoweza kutozwa zaidi. Mapato yalipoporomoka, pigo liliangukia huko. Novemba 2009 bodi ya Chuo Kikuu cha California ilipandisha ada kwa asilimia 32, na kwa mara ya kwanza mkazi wa jimbo akatakiwa kulipa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Ndiyo maana nasema kwamba, kwa California, anayepokonywa kwanza ni kijana wa miaka 18 mwenye barua ya kukubaliwa chuoni na mzazi asiye na uwezo, wala si mtoto wa darasa la kwanza. Takwimu za Marekani nzima zinahitaji uangalifu huohuo. Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilionyesha mwaka 2016 kwamba kati ya 1980 na 2013, ukiondoa mfumuko wa bei, matumizi ya majimbo na serikali za mitaa kwa magereza yaliongezeka kwa asilimia 324, wakati ya shule yaliongezeka kwa asilimia 107. Hata hivyo, shule zilikuwa bado zinapata dola bilioni 534 na magereza bilioni 71. Magereza hayajazimeza shule. Kinachotia wasiwasi ni kasi ya upande mmoja, na ukweli kwamba hakuna aliyekaa akaipanga kasi hiyo.

Kasi hiyo ilitokana na sheria. Mwaka 1993 msichana wa miaka 12 alitekwa nyumbani kwao Petaluma na kuuawa na mtu aliyekuwa ametoka gerezani, na jimbo zima likawaka hasira. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya makosa matatu: aliyewahi kutiwa hatiani mara mbili kwa makosa mazito, akipatikana na kosa la tatu la jinai, hata lisilo la kutumia nguvu, alifungwa miaka 25 hadi maisha. Hasira ile ilikuwa ya haki. Mzazi yeyote angeihisi. Lakini tuone sheria yenyewe ilipofika kazini. Mwaka 2000, katika klabu ya gofu karibu na Los Angeles, mwanamume mmoja aliondoka akichechemea kwa sababu alikuwa ameficha fimbo tatu za gofu ndani ya suruali. Kila fimbo ilikuwa na bei ya dola 399. Kwa kuwa alikuwa na makosa ya zamani ya uvunjaji wa nyumba na unyang'anyi, alihukumiwa miaka 25 hadi maisha, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Marekani ikaibariki adhabu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Kumtunza mfungwa mmoja California sasa kunagharimu zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka. Miaka 25 kwa gharama hiyo inazidi dola milioni 3. Hukumu ilisomwa kwa kosa lenye thamani ya takriban dola 1,200, na hapakuwa na yeyote chumbani mle aliyetakiwa kuieleza jamii bei ya uamuzi huo.

Hukumu za namna hiyo zilirundikana. Wafungwa wa jimbo waliokuwa kama 24,000 mwaka 1980 walivuka 170,000 mwaka 2006. Kati ya 1984 na 2005 California ilijenga magereza zaidi ya 20. Katika kipindi hichohicho ilifungua kampasi mpya 4 za vyuo vikuu vya umma: San Marcos, Monterey Bay, Channel Islands na Merced. Magereza hayo yote hayakutosha. Kumbi za michezo za magereza zilipangwa vitanda vya ghorofa tatu, na katika hukumu ya mwaka 2011 Jaji Anthony Kennedy wa Mahakama Kuu ya Marekani aliandika kwamba wafungwa hadi 54 walitumia choo kimoja, kwamba wagonjwa wa akili waliotaka kujiua walifungiwa katika vizimba vyenye ukubwa wa kibanda cha simu, na kwamba mfungwa mmoja alikufa kila baada ya siku 6 au 7 kifo ambacho tiba ya kawaida ingekizuia. Mahakama ililiagiza jimbo kupunguza idadi hadi asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza. Kwa hiyo jimbo lilikuwa limelipa kwa wingi, likawanyima wanafunzi, na bado halikuweza kuendesha magereza yanayokidhi katiba ya nchi.

Mtetezi wa sheria kali atajibu kwamba uhalifu ulipungua, na ni kweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mauaji na unyang'anyi vilishuka sana Marekani, na sehemu ya sababu ni kwamba wahalifu wengi walikuwa ndani. Hoja hii inastahili heshima, hasa kwa kuwa maskini ndio huibiwa na kuuawa kwanza. Ila mauaji yalishuka pia katika majimbo yasiyofunga watu kwa kiwango hicho, na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2014, lilikiri kwamba ukubwa wa mchango wa vifungo haujulikani kwa uhakika, na likaona kwamba kurefusha adhabu hakuwatishi watu kama kuwahakikishia kuwa watakamatwa. Isitoshe, uhalifu ni jambo la ujana. Hupanda kuelekea miaka 20 na kushuka baadaye. Sheria ya makosa matatu, kwa jinsi ilivyoundwa, humnasa mtu akiwa na historia ndefu, yaani akiwa anakaribia kuacha mwenyewe, kisha humtunza hadi uzeeni, umri ambao dawa na madaktari ndio hula fedha nyingi.

Na elimu je, inazuia uhalifu, au ni matumaini tu ya walimu? Wanauchumi Lance Lochner na Enrico Moretti walitumia mabadiliko ya sheria za kulazimisha watoto kubaki shuleni, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba kila mwaka wa ziada wa masomo hupunguza uwezekano wa mtu kufungwa. Huko Ypsilanti, Michigan, watoto 123 kutoka familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu miaka ya 1960. Wengine walipata elimu ya awali, wengine hawakupata. Walipofika miaka 40, asilimia 55 ya walioikosa walikuwa wamekamatwa mara 5 au zaidi, dhidi ya asilimia 36 ya walioipata. Kundi ni dogo, na sitalibebesha zaidi ya uwezo wake, lakini linakwenda sambamba na tafiti kubwa. Wapo wanaosema fedha haziboreshi shule. Utafiti wa Jackson, Johnson na Persico wa mwaka 2016 uliwafuatilia watoto waliopata ongezeko la asilimia 10 la matumizi kwa miaka yao yote 12 ya shule, ukakuta walisoma zaidi na kupata ujira wa juu zaidi ukubwani, na maskini walinufaika kuliko wengine. Pingamizi lililobaki ni la muda: darasa la leo halimzuii mwizi wa usiku huu. Sawa. Kwa ajili yake wapo polisi, na sijamwomba mtu afunge magereza yote. Tena upo mchanganyiko wa vyote viwili usiosubiri miaka 20: uchambuzi wa taasisi ya RAND wa mwaka 2013 ulikuta wafungwa wanaosoma gerezani wana uwezekano mdogo kwa asilimia 43 wa kurudia makosa. Pamoja na hayo, mwaka 1994 Bunge la Marekani liliwanyima wafungwa ruzuku ya masomo ya chuo, na hawakurejeshewa kikamilifu hadi mwaka 2023.

Kupunguza wafungwa peke yake hakuleti fedha darasani, na hapa ndipo wanamageuzi wengi hujidanganya. Mwaka 2009 mfungwa mmoja aligharimu California takriban dola 47,000. Idadi ilipokaribia kupungua kwa nusu, gharama kwa kila mmoja ilipanda zaidi ya mara mbili, na bajeti ya magereza haikushuka. Ukitoa wafungwa 100 katika gereza lenye 4,000, mnara wa ulinzi unabaki na askari wake, zahanati inabaki na daktari, paa linavuja vilevile. Akiba hupatikana gereza zima linapofungwa, na gereza lina mji unaolitegemea na wafanyakazi wanaolitetea. Kila mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake: chama cha askari magereza kilikuwa miongoni mwa waliochangia kampeni ya makosa matatu mwaka 1994. Ndiyo sababu naliona Pendekezo la 47 la mwaka 2014 kuwa jaribio la busara kuliko asilimia za Schwarzenegger. Liligeuza wizi usiozidi dola 950 na kupatikana na dawa za kulevya za matumizi binafsi kuwa makosa madogo, kisha likaamuru akiba itakayopatikana iwekwe kwenye mfuko wake: asilimia 65 kwa tiba ya akili na uraibu, 25 kwa shule ili kupambana na utoro, 10 kwa waathirika wa uhalifu. Sheria ileile iliyopunguza adhabu ndiyo iliyosema fedha ziende wapi. Hata hivyo, kazi ya kukokotoa akiba iliachiwa idara ya fedha ya gavana, na ubishi juu ya kiasi halisi ukazuka tangu mwaka wa kwanza.

Novemba 2024 wapiga kura, wakiwa wamechoshwa na wizi madukani, walipitisha Pendekezo la 36 kwa takriban asilimia 68 na kuzirudisha juu baadhi ya adhabu hizo. Wachambuzi wa bajeti wa Bunge la jimbo walikuwa wamekadiria kwamba lingeongeza gharama za haki ya jinai kwa makumi hadi mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka, na kwamba mfuko ule wa tiba na shule ungepungua. Linaahidi tiba kwa waraibu wanaokamatwa mara kwa mara, lakini halikutaja chanzo kipya cha fedha za kuilipia.